Mbio Zangu Zilivyomletea Dada Matanga

Muthoni na Igoki,

Leo asubuhi nimemuua dada yangu mbele ya mashahidi zaidi ya thelathini. Msishtuke. Yuko hai. Saa hii ninapoandika pengine anakunywa uji. Aliyekufa ni mimi, kwa aibu.

Muthoni, wewe isome barua hii kwanza hapo Embu, kisha umfikishie Igoki kule Gachoka, maana sina nguvu ya kuandika jambo hili mara mbili. Mkimaliza, ichomeni. (Najua hamtaichoma. Tangu tukiwa chuoni hamjawahi kuchoma kitu chenye aibu yangu.)

Dada yangu mkubwa mnamkumbuka, Mama Kinoti. Yule aliyekuwa akitubebea ndizi gunia zima mgongoni kutoka huku Mitunguu hadi chuoni, na nyinyi mnazila kabla sijarudi darasani. Sijawaambia yaliyompata. Nisameheni, alinikataza.

Mwaka juzi aliona kivimbe kwenye titi lake la kushoto. Kidogo kama punje ya harage. Akanyamaza nacho. Akakifunika kwa leso, akaendelea kulima, kukata ndizi na kuzibeba sokoni. Mwaka mzima! Alipokuja kunionyesha, haikuwa punje tena. Kule Nairobi walilikata titi lote. Amerudi nyumbani miezi minane sasa. Mkono wa kushoto humvimba. Haendi kanisani, haendi sokoni, kwenye chama cha akina mama jina lake limebaki daftarini tu. Mumewe ni dereva wa lori, wiki tatu kati ya nne yuko njia ya Moyale. Basi asubuhi dada hutandika mkeka nje ya mlango, anakaa.

Na watu hawaendi kumwona. Huo ndio ukweli. Ugonjwa wenyewe hawautaji. Wanasema "ule ugonjwa". Kuna wanaosema ukinywea kikombe chake umekwisha. Kuna wanaosema alirogwa kwa sababu shamba lake liko karibu na bomba la maji.

Mimi huenda kila Jumamosi. Tunaongea juu ya mvua. Tukimaliza mvua tunaongea juu ya bei ya ndizi. Kisha namuaga. (Mwalimu mzima, miaka ishirini ya kusimama mbele ya watu, na sijawahi kuutaja mbele yake.)

Lakini nikirudi kwangu hujifungia chumbani na kujipapasa. Kushoto, kulia, kushoto tena. Nimejipapasa hadi ngozi ikawa nyekundu. Jumatano iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda dispensari.

Nesi wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupigia gwaride. Alinipima polepole, hadi kwapani.

"Sioni kitu, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Kwa leo sioni kitu. Lakini dada yako wa tumbo moja anao, kwa hivyo wewe uwe macho kuliko wengine. Ukiona badiliko lolote, usingoje. Kesho yake uko hapa."

"Hakuna dawa ya kuuzuia?"

"Dawa ya kuuzuia sina. Ila wewe unakaa sana. Kutoka kiti cha shule unaenda kiti cha nyumbani. Wanaochunguza mambo haya wanasema mwanamke anayefanya mazoezi mara kwa mara, hatari yake inaweza kupungua. Mafuta mwilini yanapungua, na zile homoni za kike zinazoweza kukuza uvimbe hazizidi kiasi. Sikuahidi. Nimesema inaweza."

"Mazoezi ya namna gani?"

"Tembea. Haraka kidogo, nusu saa, siku nyingi za wiki. Utoke jasho, lakini uweze kuongea."

Tembea. Uweze kuongea. Nawaomba mkumbuke kwamba hayo ndiyo niliyoambiwa.

Lakini njiani nikapiga hesabu yangu. Kama kutembea kunapunguza hatari kidogo, basi kukimbia kutaipunguza sana. (Hesabu ndilo somo ninalofundisha. Msiwaambie wazazi.) Isitoshe, nani huku amewahi kuona mwanamke wa miaka arobaini na tatu akitembea bila kwenda mahali? Nikaona ni afadhali nikimbie hadi kwa dada, kilomita nne hivi, niwe nimefanya mazoezi na nimemwona mgonjwa. Ndege wawili kwa jiwe moja, nikajisifu.

Basi leo, saa moja asubuhi, nikajiandaa. Nilivaa suruali ya michezo ya mume wangu, Baba Mutuma. Juu yake nikavaa rinda, maana mwanamke ndani ya suruali hapa kwetu hujadiliwa na kamati ya kanisa. Raba zilikuwa za kijana wangu, kubwa, nikazijaza magazeti mbele. Kichwani nikatafuta kitambaa. Vyote vilikuwa vimelowekwa. Kilichobaki ni kile cheusi cha maziko.

Naona Igoki ameshaanza kucheka. Ngoja.

"Unaenda wapi hivyo?" Baba Mutuma akauliza.

"Kwa dada."

"Kuna nini?"

"Mazoezi."

Akanitazama kama mtu aliyesikia tetea akiwika. Kisha akaendelea na chai yake.

Mita mia za kwanza, jamani, nilikuwa msichana! Upepo mzuri, barabara ya vumbi imenyooka kati ya migomba, ile mipira ya kunyunyizia maji inazunguka huku na huku. Nikajiambia, Kagendo, ulikuwa umejificha wapi?

Mita mia za pili zikanijibu.

Kifua kikaanza kuwaka. Jasho likanimwagika machoni hadi sioni vizuri. Magazeti ndani ya raba yakajikunja. Na sidiria yangu, ambayo ilitengenezewa mwanamke anayesimama ubaoni, ikakata kamba ya kushoto. Ikabidi nilishike titi kwa mkono. Kwa hivyo picha ni hii: kitambaa cheusi kichwani, uso umelowa, mkono umekamata titi la kushoto, na ninakimbia kuelekea kwa Mama Kinoti.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Makena, jirani yangu, ambaye ndiye katibu wa chama na ndiyo redio ya kijiji. Alikuwa akifungua kibanda chake cha mboga.

"Mwalimu! Kuna nini?"

Nilitaka kumwambia ni mazoezi. Pumzi haikuwepo. Nikatikisa kichwa na kuonyesha mbele kwa kidole.

Akatazama kidole. Akatazama mkono wangu ulipo.

"Murungu wakwa! Mungu wangu! Ni Mama Kinoti?"

Nami nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Naenda kwa Mama Kinoti.

(Mkisoma barua hii mara kumi, mtaona kwamba sikusema uongo hata mara moja.)

Nikaendelea. Baada ya kitambo nikasikia miguu nyuma yangu. Pa, pa, pa. Nikajua ni Mama Makena. Nikafurahi! Nikasema moyoni, tazama, mtu mmoja tu akithubutu wengine wanafuata. Halafu nikasikia miguu zaidi. Sikugeuka, kwa sababu mwalimu wetu wa michezo zamani alitufundisha kwamba anayegeuka ndiye anayeshindwa. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Tukapita kinu cha posho. Kulikuwa na foleni ya akina mama na mahindi yao. Nikawapungia mkono ule uliokuwa huru. Waliacha mahindi pale pale.

Ndipo nikasikia, "Uuui! Uuui!"

Nikadhani wananishangilia.

Kweli, nilidhani hivyo. Nikainua ngumi juu. Kelele zikazidi. Mbele kidogo kengele ya kanisa ikaanza kulia, moja moja, polepole, kwa kuachana. Nikajiuliza kuna harusi ya nani Jumamosi hii mapema hivi, na mbona kengele yenyewe ni ya huzuni namna ile. Lakini damu ilikuwa imepanda kichwani, na mtu aliyeishiwa pumzi hafikirii.

Nikaingia boma la dada yangu kama mshindi.

Alikuwa kwenye mkeka wake, ameweka uteo mapajani, anachagua maharagwe. Aliinua uso. Kwanza aliniona mimi. Kisha akaona walio nyuma yangu, na sura yake ikabadilika, nami ndipo nikageuka.

Wanawake zaidi ya thelathini. Wengine wameshika vichwa. Wengine leso zimewadondoka. Machozi, kamasi, vumbi. Mmoja alikuwa bado na kopo la kupimia mahindi mkononi.

Kabla sijapata pumzi ya neno moja, Mama Makena alinipita, akaupita mkeka bila kutazama nani ameketi, akajitupa chini mbele ya mlango, akagaagaa.

"Mama Kinoti! Mama Kinoti, umetuachia nani! Mama Kinoti, mbona hukungoja nije nikuone!"

"Nimekungoja miezi minane," dada akasema.

Hakupaza sauti. Aliendelea kushika uteo wake. Lakini kila mtu alisikia.

Mama Makena alinyamaza na mdomo wazi. Akainua kichwa polepole. Akamwona. Akapiga yowe la pili, refu kuliko lile la kwanza, akarudi nyuma kwa makalio hadi akaangukia kibanda cha mbuzi. Mama mmoja wa kanisa akaanza kukemea pepo. Mwingine akamkanyaga kuku. Hakuna aliyejua afunge mdomo au aendelee, maana kilio kikishaanza kina mwendo wake, hakikatiki tu kama redio.

Nikasema, "Hajafa! Jamani, mimi nilikuwa nafanya mazoezi!"

Mngeona walivyonitazama.

Na hapo hapo, kana kwamba Mungu hajatosheka, baiskeli ikaingia bomani. Mzee Muriuki, fundi wa mbao. Alikuwa na penseli sikioni na futi ya kupimia mkononi, imeshakunjuliwa. Aliteremka, akavua kofia, akasema, "Poleni sana." Kisha akamwona dada.

Mzee wa watu alitafuta pa kuificha ile futi. Haikuingia mfukoni.

"Mzee Muriuki," dada akasema, "umekuja kupima nini?"

"Nimekuja... nimesikia mlango wako haufungi vizuri."

"Mlango wangu ni mzima."

"Labda dirisha."

"Dirisha ni zima. Hata mimi ni mzima kiasi, Mzee. Rudi ukawatengenezee walio hai vitanda."

Alipanda baiskeli upande usiofaa, akaanguka, akainuka, akaondoka akiisukuma. Hakuna aliyecheka. Kengele ilikuwa bado inalia kule juu.

"Mama Makena," dada akasema, "wewe una miguu myepesi leo. Nenda ukamwambie mzee wa kanisa aiache kengele. Mwambie nimeahirisha."

Mama Makena akaenda. Alikuwa na kinyesi cha mbuzi mgongoni na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumpangusa.

Mngedhani aibu ilikuwa imekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye migomba.

"Nani alisema nimekufa?" dada akauliza.

Vidole vyote vikanielekea.

"Kagendo. Njoo hapa."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya mkeka, suruali ya Baba Mutuma imejaa vumbi hadi magotini, mkono bado umekamata titi kwa sababu ya ile kamba.

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Mazoezi tu."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya afya."

"Umeishi miaka arobaini na tatu bila kukimbia hata mvua ikikunyeshea. Afya gani hiyo imeanza leo?"

Nilitazama wale wanawake. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba asiyesema ukweli mapema atausema kwa gharama. Basi nikausema.

"Nesi alisema kwa kuwa wewe unao, hata mimi niko karibu nao kuliko wengine. Akasema mazoezi yanaweza kupunguza hatari."

"Kwa hivyo unakimbia usiwe kama mimi."

Muthoni, Igoki. Hapo ndipo nilipokufa. Si barabarani, si kwenye kengele, si kwa fundi. Nilikuwa nimekimbia kilomita nne nikimwambia kila mtu naenda kwa dada, kumbe nilikuwa nikimkimbia.

Alirudisha macho kwenye maharagwe. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Nimeshika jembe tangu nikiwa mdogo kuliko binti yako," akasema. "Ekari mbili, kwa mkono. Nimebeba ndizi hadi soko na kurudi, watoto mgongoni. Sijawahi kukaa. Hebu niambie, kuna mazoezi gani ambayo sikufanya?"

"Hakusema yanazuia," nikasema. "Alisema yanapunguza. Hata anayeyafanya anaweza kuupata. Si kosa lako. Hakuna ulichokosa kufanya."

"Kipo." Akaweka uteo chini. "Nilikosa kusema."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumdhania. Mnamjua alivyo, mwanamke ambaye hata kunyonyesha alikuwa akienda kujificha nyuma ya ghala. Aliifungua leso begani. Akaishusha blauzi upande ule. Akawaonyesha wote.

Mimi sikuwa nimeuona ule upande. Miezi minane, kila Jumamosi, na sikuwa nimeuona. Ni bapa. Kuna kovu limepita kama mfereji kutoka katikati ya kifua hadi kwapani.

"Ugonjwa wenyewe una jina," akawaambia. "Unaitwa saratani ya matiti. Kansa. Hauambukizi. Ungekuwa unaambukiza, Kagendo angekuwa wa kwanza, maana ndiye tu anayekunywa chai kwangu. Mwaka mzima niliuficha kwa sababu ya kuogopa midomo yenu. Kama ningeuogopa wenyewe kuliko nilivyowaogopa nyinyi, labda wangekata kidogo. Sasa mmeuona. Mwenye swali aulize leo, asiniulizie sokoni."

Hakuna aliyeuliza. Mama wa kopo la mahindi alikuwa akilia tena, lakini sasa kimyakimya, kilio cha kweli. Dada akafunga leso yake, kwa shida, kwa sababu ya ule mkono. Nilitaka kumsaidia. Nilishindwa kwa kuwa wangu mmoja haukuwa huru. (Ndiyo. Hata katika saa ile.)

"Na kwa kuwa mmekuja matanga," akasema, "fanyeni kazi ya matanga. Kuni zimeisha. Migomba ya kule chini haijapaliliwa tangu niende Nairobi."

Wakatawanyika haraka kama wanafunzi waliosikia mwalimu mkuu akija. Mwingine alikata kuni, mwingine alichochea moto, saba au wanane wakashuka shambani. Sijaona palizi ya kasi hivyo. Mama Makena aliporudi kutoka kanisani alijiunga nao bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufungua mdomo.

Tukabaki wawili kwenye mkeka. Nikaanza, "Mama Kinoti, nisamehe, mimi..."

"Kuogopa si kosa," akanikata. "Mimi mwenyewe naogopa. Nikisikia mgongo unauma nafikiri umefika mgongoni. Lakini miezi minane, Kagendo. Umekuja hapa miezi minane kuniambia habari za mvua. Mvua naiona mwenyewe."

Akanyoosha mkono ule uliovimba, akauweka mapajani mwangu.

"Nisugue. Polepole, kwenda juu. Ndivyo walivyonionyesha hospitalini, na peke yangu siwezi vizuri."

Nikamsugua. Ngozi ilikuwa ngumu na ya moto. Alifumba macho, nami nikamtazama, nikaona jinsi alivyokonda shingoni, nikajua kitu ambacho nadhani yeye alishakijua zamani. Daktari amemwita tena mwezi ujao. Atanitaka nimsindikize, na safari hii nitaingia ndani naye.

Ilikuwa karibu saa tano nilipoondoka. Kwa miguu. Kamba ya sidiria nilikuwa nimeifunga kwa uzi wa katani.

Kile nilichokieneza kwa nusu saa kimenichukua saa mbili kukifuta. Kila boma nililopita, watu walikuwa wamesimama getini.

"Pole sana, Mwalimu."

"Asante, lakini hajafa."

"Ndiyo, hajafa, yuko kwa Mungu."

"Hapana. Yuko kwake."

"Ni kweli, kule ndiko kwake, hapa sisi ni wapitaji."

Huyo nilimwachia. Mzee mwingine, ambaye hasikii vizuri, alinipa kuku. Nilikataa mara tatu. Ninaye hapa nyuma ya jikoni, amefungwa mguu.

Sasa kuna jambo moja, na hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa nimefika pale barabara inapokunja, mmoja wa wale waliokimbia nyuma yangu alinifikia. Sitamtaja. Alitembea kando yangu, kisha akanivuta mkono tukaingia kati ya migomba, mahali watu hawaoni.

"Mwalimu, cha dada yako kilianzaje?"

"Kama punje ya harage, alisema."

"Kilikuwa kinauma?"

"Alisema mwanzoni hakikuwa kinauma."

Akatazama chini. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Changu pia hakiumi," akasema.

Nilisahau raba, nilisahau suruali, nilisahau kengele. Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema tangu mavuno ya mtama. Nikamuuliza nani anajua. Akasema, "Wewe." Nikamwambia si kila kivimbe ni kansa, vingi si kansa, na hiyo ni kweli, nesi mwenyewe aliniambia. Lakini nikamwambia pia kwamba hatutangoja tuone. Jumatatu saa mbili niko naye dispensari. Shuleni nitasema naumwa na miguu. (Haitakuwa uongo.)

Alinishika mkono hadi tulipoona barabara, akauachilia, akaenda zake kama mtu asiyenijua.

Nyumbani nilimkuta Baba Mutuma amevaa koti lake jeusi, anapaka viatu rangi.

"Nilikuacha ukienda mazoezini," akasema. "Umeletaje msiba?"

Nilikaa chini kwenye ngazi, nikacheka hadi nikalia, halafu sikuweza kuacha kulia. Akaweka brashi chini. Aliketi kando yangu na koti lake la maziko, na kiatu kimoja.

Sasa siwezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Mapaja yamekuwa mawe. Na nyinyi wawili najua mmeshalala chini kwa kicheko, na Igoki atawasomea walimu wote wa Gachoka. Someni basi, hata kwa sauti, mradi msiruke pale dada alipofungua leso. Na mkimaliza kucheka jipapaseni.

Kesho asubuhi natoka tena. Nitatembea, kama nilivyoambiwa. Ila nitabeba mtungi mtupu mkononi, maana nimegundua kwamba mwanamke mwenye mtungi anaweza kwenda mbio mpaka Isiolo na hakuna atakayemlilia.

Wenu,
Kagendo